Bango Mlangoni mwa Kanisa

Mwalimu wa usharika asimamapo mlangoni Jumapili asubuhi kuwapokea watu, hawaulizi wamechukua nini nguoni mwao. Amwona mzee na fimbo yake, mama na mtoto mgongoni, kijana na kitabu chake cha nyimbo. Naye awaamkia wote na kuwaonyesha mahali pa kukaa. Hawazi neno jingine, maana tumelelewa katika desturi hii, kwamba aingiaye nyumbani mwa mwenziwe huacha nje kitu kiwezacho kumtia hofu mwenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tulivyofundishwa na wazee.

Walakini iko nchi ambayo jambo hili la mlango lilipelekwa mbele ya mahakimu, likabishaniwa kwa miaka mitano. Na walioshitaki ni ndugu zetu Walutheri. Tumeona ni vema kuwaeleza habari hiyo, si kwa kuwa twataka kuhukumu nchi ya watu wengine, bali kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo kila Mkristo hana budi kulijibu siku moja: Je, ni nani mwenye neno mlangoni mwa kanisa? Ni serikali, au ni mtu mmoja mmoja na hofu yake, au ni ushirika wa wale wanaoomba humo?

Mambo haya yalitokea katika jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, mpakani mwa Kanada. Jimbo hilo liliingia katika umoja wa Marekani mwaka 1858. Wakulima wengi kutoka Norwe, Uswidi na Ujerumani walihamia huko, wakachukua Biblia na Katekisimo pamoja na majembe yao, na hata leo makanisa ya Kilutheri yaonekana katika miji na vijiji vyake vingi. Nasi hatuwezi kuwaita wageni. Katika miaka ya 1920, wamisionari wa Leipzig walipokuwa wameondolewa kwa ajili ya vita, Sinodi ya Augustana, iliyokuwa kanisa la Waswidi wa Marekani na yenye sharika nyingi Minnesota, ilituma watu wake Tanganyika kuzitunza sharika za Uchagani, na baadaye ikaanza kazi yake yenyewe Iramba na Turu. Tena Sinodi ya Saint Paul, iliyo katika jimbo lilo hilo, imefungamana na Dayosisi ya Iringa katika urafiki uitwao Bega kwa Bega. Basi habari zao ni habari za jamaa.

Karibu na mji mkubwa wa Minneapolis uko mji wa Edina, mji wa watu wenye mali. Mwaka 1956 ilifunguliwa humo Southdale, jumba moja la maduka mengi, lote chini ya paa moja, likitiwa joto wakati wa theluji na ubaridi wakati wa jua kali. Lilikuwa la kwanza la namna yake katika Marekani, na majimbo mengine yakaiga. Tunalitaja jumba hilo kwa sababu, kama mtakavyoona, sheria ilikuja ikalipima kanisa kwa kipimo cha duka.

Zamani mtu wa Minnesota aliyetaka kuchukua bastola mahali pa watu alikwenda kuomba ruhusa kwa mkuu wa polisi wa mahali pake, naye mkuu huyo aliweza kumkatalia asipoona haja. Mwaka 2003 bunge la jimbo likaibadili sheria hiyo, na Gavana Tim Pawlenty akaitia sahihi. Tangu hapo mkuu wa usalama wa wilaya, ambaye wao humwita sherifu, alilazimika kumpa ruhusa kila aombaye aliyetimiza miaka 21, akiwa amefunzwa kutumia bastola na hana kizuizi kilichotajwa katika sheria. Mwombaji hakuwa na haja tena ya kueleza sababu.

Je, mwenye nyumba asiyetaka silaha ndani afanyeje? Sheria ilimwambia aweke bango kwenye kila mlango, na maneno ya bango yakaandikwa katika sheria yenyewe: kwamba fulani, kwa jina lake, anapiga marufuku bunduki mahali hapa. Hata umbo la herufi lilitajwa, na rangi yake nyeusi, na kimo chake cha inchi moja na nusu. Mtu akilipuuza bango na kukataa kutoka, faini yake kwa mara ya kwanza isizidi dola 25. Tena mwenye nyumba hakuruhusiwa kukataza silaha katika uwanja wa kuwekea magari, wala mpangishaji hakuruhusiwa kumkataza mpangaji wake. Na amri hizo ziliwahusu wote sawasawa, mwenye duka, mwenye hoteli, na usharika wa Kikristo.

Usharika mmoja wa Edina, uitwao Edina Community Lutheran Church, ukasema: Hatuwezi. Kanisa la Waunitaria la mjini Saint Paul nalo likasema hivyo, na makanisa mengine yakaungana nao. Mambo waliyoshitakia yalikuwa mawili hasa. La kwanza, kwamba serikali imewatilia maneno kinywani, ikawaamuru kuwaamkia watu wa Mungu mlangoni kwa maneno ya bunge badala ya maneno ya Injili. Wao walitaka bango lao litaje heri ya wapatanishi, na kusema kwamba silaha haziruhusiwi mahali pale pa kimbilio. La pili, kwamba uwanja wa kanisa ni sehemu ya kanisa. Huko watoto hucheza, huko watu husalimiana. Nyumba ya Mungu haianzi kwenye kizingiti tu.

Kesi ya kwanza ilikatwa kwa sababu nyingine kabisa. Katiba ya Minnesota yasema kwamba sheria moja isiwe na mambo zaidi ya moja. Lakini sheria ya bastola ilikuwa imefungwa pamoja na mswada wa mambo ya maliasili, ipate kupita kwa urahisi. Mwaka 2004 hakimu akaitangua, na mwaka 2005 mahakama ya rufani ikamwunga mkono. Mwezi uliofuata bunge likaipitisha tena, safari hii peke yake. Makanisa yakarudi mahakamani, na mwaka 2008 mahakama ya rufani ikawapa haki kwa nguvu ya katiba ya jimbo ilindayo uhuru wa dhamiri: kanisa laweza kutoa taarifa kwa maneno yake lenyewe, na laweza kukataza silaha katika uwanja wake.

Hiyo ndiyo habari. Sasa na tuitafakari.

Kwanza twauliza: walikuwa na sababu gani ya kushindana miaka mitano kwa ajili ya bango? Mtu wa biashara aweza kucheka, akisema: Si maneno machache tu? Weka bango, silaha zikae nje, kazi imekwisha. Lakini kanisa si duka. Mwenye duka akimfungulia mtu mlango, amfungulia kwa sababu ya fedha iliyo mfukoni mwake; na amkataze asimkataze, ni hesabu ya faida na hasara. Kanisa lamfungulia mtu kwa sababu Bwana amemwita. Neno la kwanza analolisikia mlangoni ni sehemu ya mahubiri. Serikali ikisema, Mtasema hivi wala si vile, imepanda mimbarani. Na serikali ikipanda mimbarani mara moja, hata kwa neno tunalolipenda, hatuna hakika itashuka lini. Kwa hiyo twaona ndugu wa Edina walifanya vema kusimama, ingawa jambo lenyewe laonekana dogo.

Pili, twaangalia neno la mali. Wako watu katika Marekani, na kwetu pia hawakosi, wanaofikiri kwamba nchi ikifanikiwa katika biashara, basi sheria zake zote zimehesabiwa haki. Wauliza: Mashamba yazaa, maduka yajaa, hazina ina fedha, mwanung'unikia nini? Nasi twajibu kwamba hazina yaweza kuhesabu dola, haiwezi kuhesabu hofu. Minnesota ni jimbo la mali. Mwaka 2023 serikali yake ilitazamia ziada ya zaidi ya dola bilioni 17. Katika mwaka uo huo bunge liliamuru watoto wa shule wapewe chakula cha asubuhi na cha mchana bila malipo, jambo tulisifulo kwa moyo wote, maana mali iliyogeuka kuwa mkate wa mtoto imepata kazi yake. Lakini je, mali hiyo iliweza kununua neno hili moja, kwamba mtu akae kanisani ameupa mlango kisogo, bila kugeuka-geuka? Haikuweza. Neno hilo haliuzwi Southdale wala penginepo. Hutoka katika kuaminiana kwa watu, na kuaminiana hulindwa kwa sheria njema na kwa mioyo iliyoongoka. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Tena hebu tutazame faida ya silaha hizo kwa hesabu, maana wazitetea kwa kusema zamlinda mtu. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi katika Marekani. Katika hao 26,328, yaani zaidi ya nusu, walijiua wenyewe. Ndugu msomaji, soma tena hesabu hiyo. Mtu anunua bastola kwa kumwogopa mgeni wa usiku; mgeni haji; lakini huja usiku wa huzuni, au wa deni, au wa ugomvi na mkewe, na bastola iko tayari mezani. Adui aliyemwogopa hakuingia kwa mlango. Katekisimo Ndogo ya Luther, katika kueleza Amri ya Tano, yatufundisha kwamba hatukukatazwa kuua tu, bali tumeagizwa pia kumsaidia jirani katika shida zote za mwili wake. Basi sheria ya silaha ni jambo la Amri ya Tano. Yatupasa kuuliza juu ya kila sheria ya namna hii: Je, yamsaidia jirani katika mwili wake, au yamwacha peke yake na hofu yake na chuma chake?

Hatusemi kwamba kila mwenye bunduki ni mtenda maovu. Katika Minnesota wako wakulima na wawindaji wengi, na wengi wao ni Walutheri wema, ambao kila mwaka majani yaangukapo huenda mwituni kuwinda paa wapate kitoweo. Bunduki yao ni chombo cha kazi, kama shoka na nyavu. Wala hatusemi serikali isiwe na upanga. Mtume Paulo amekwisha kutufundisha katika Waraka kwa Warumi kwamba mamlaka haichukui upanga bure. Twasema habari ya mtu aingiaye katika nyumba ya sala na mauti ya mwenziwe imefichwa kiunoni.

Lakini yafaa tusikie neno la upande wa pili, maana hukumu isiyosikiliza si hukumu. Wasema hivi: Mwovu halisomi bango. Akija na bunduki, kondoo watajilinda kwa nini? Nao wana mfano. Tarehe 29 Desemba 2019, katika kanisa la West Freeway Church of Christ, mjini White Settlement, jimbo la Texas, mtu alisimama katikati ya ibada akapiga risasi, akawaua watu wawili. Muda wa sekunde sita tu ulikuwa umepita, ndipo mzee mmoja wa walinzi wa kanisa hilo, waliojitolea, alipompiga risasi akaanguka. Wangekuwa hawana silaha, ni wangapi wangalikufa? Swali hili ni zito, wala hatuna ruhusa ya kulikimbia. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nao waliookoka siku ile wamemshukuru Mungu.

Tulijibuje? Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1523 juu ya mamlaka ya dunia, afundisha kwamba Mkristo haushiki upanga kwa ajili ya nafsi yake. Kwa ajili ya nafsi yake hustahimili. Lakini kwa ajili ya jirani aweza kuushika, akiwa na kazi aliyopewa, kama askari na hakimu. Hapo pana tofauti kubwa. Mzee yule wa Texas alikuwa katika kundi lililojulikana, akilinda kwa niaba ya kanisa lake. Akitenda vema au vibaya, aliwajibika mbele ya ndugu zake. Mtu wa sheria ile ya 2003 hakuitwa na mtu. Amejiita mwenyewe. Ni mlinzi, shahidi na hakimu, vyote katika kiti kimoja cha kanisa, na jirani yake anayeimba pamoja naye hajui. Basi mfano wa Texas, ukiutazama vizuri, haushindani na ndugu wa Edina. Kanisa moja limeamua kuweka walinzi, jingine limeamua kuacha silaha zote nje. Yote mawili yameamua yenyewe. Sisi tungalichagua njia ya Edina, maana twaona mahali pa sala pafaa kuwa angalau mahali pamoja duniani ambapo hofu haitawali. Lakini tukichagua hivyo tujue gharama yake. Kutochukua silaha si kinga ya risasi. Ni ungamo la imani. Aichaguaye njia hii amekubali kwamba huenda akapatwa na mabaya, naye amekataa kuyaepuka kwa kumfanya kila aingiaye kuwa mtuhumiwa.

Tena liko neno lituumizalo sisi Walutheri kuliko wengine wote. Tarehe 17 Juni 2015, katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, kijana mweupe aliingia katika kanisa la Waafrika wa Marekani liitwalo Emanuel. Walikuwa wakijifunza Biblia. Wakampokea, wakampa nafasi, akakaa nao. Kisha akawaua watu 9, pamoja na mchungaji wao Clementa Pinckney, ambaye pia alikuwa mjumbe wa Seneti ya jimbo. Mchungaji huyo alikuwa amesoma katika seminari ya Kilutheri. Na kijana aliyemwua alikuwa mshirika wa usharika wa Kilutheri. Alibatizwa kama sisi. Mwaka 2019 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani likaitenga tarehe 17 Juni iwe siku ya toba na ukumbusho.

Basi tusiseme kamwe kwamba mwovu ni yule wa nje, na bango litamzuia. Yule wa Charleston alitoka ndani ya nyumba yetu, akaenda kwenye nyumba ya ndugu zetu na chuki iliyokomaa moyoni. Na silaha yake aliipataje? Alinunua dukani. Uchunguzi wa habari zake haukuwa umekwisha katika siku tatu zilizowekwa na sheria, na sheria ilimruhusu mwenye duka kumwuzia siku hizo zikipita. Biashara haikutaka kungoja. Hapo twaona jinsi haraka ya faida, ulegevu wa sheria na chuki ya moyo vilivyokutana katika mtu mmoja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Minnesota yenyewe imejaribu kuuziba ufa huo. Mwaka 2023 bunge la jimbo, ambalo Spika wake alikuwa Bibi Melissa Hortman, lilipitisha sheria mbili, na Gavana Tim Walz akazitia sahihi. Ya kwanza yataka mtu achunguzwe habari zake hata akinunua bastola kwa mtu binafsi, si dukani tu. Ya pili yawapa jamaa na polisi ruhusa ya kwenda kwa hakimu wakimwona mtu yu hatarini kujiua au kuua, ili silaha iondolewe kwake kwa muda. Sheria hii ya pili twaipenda hasa, kwa kuwa ni sheria ya jirani. Haimwachi mtu peke yake usiku ule wa huzuni tuliousema. Yamwambia ndugu yake: Una haki ya kuingilia kati.

Walakini yatupasa kusema kweli hata juu ya wale tunaokubaliana nao. Sheria hizo mbili zilipita katika Seneti kwa kura 34 dhidi ya 33, nazo zilikuwa zimefungwa ndani ya mswada mkubwa wenye mambo mengine mengi ya usalama na mahakama. Tukilaumu njia ya 2003, tusifumbe macho mbele ya njia ya 2023. Jambo ligusalo uhai wa watu lastahili kusimama peke yake mchana, likabishaniwa, kila mjumbe akajulikana alivyosema. Mwisho mwema hauondoi wajibu wa njia iliyonyoka, na raia Mkristo apimaye chama chake kwa ratili nyingine kuliko chama cha mwenziwe ametumia mizani ya hila.

Wala sheria hizo hazikumaliza msiba. Tarehe 14 Juni 2025 Bibi Hortman aliuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe kwa risasi za mtu aliyejifanya polisi, na mjumbe wa Seneti na mkewe walipigwa risasi nyumbani kwao usiku uo huo, wakaponea chupuchupu. Miezi miwili ikapita, na tarehe 27 Agosti 2025 watoto wa shule ya Kikatoliki ya Annunciation, mjini Minneapolis, walikuwa katika ibada ya siku za kwanza za masomo. Mtu akapiga risasi kutoka nje, kupitia madirishani. Watoto wawili wakafa, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 10, na wengi wakajeruhiwa. Milango ilikuwa imefungwa ibada ilipoanza, mwuaji hakuingia. Polisi walisema silaha zake zilinunuliwa kwa njia ya halali.

Hapa kila mabishano yanyamaza kidogo. Bango halikuwa na kazi, maana mwuaji hakupita mlangoni. Na bastola kiunoni mwa mwenye kusali ingefanya nini juu ya mtu asiyeonekana, apigaye kutoka nje ya dirisha? Wote wawili, aliyetumainia bango na aliyetumainia bastola, wameonyeshwa kwamba walikuwa wakilinda mlango tu. Ndipo twaelewa kwamba kazi ya kulinda nyumba ya Mungu yaanza mbali sana na nyumba ya Mungu: katika duka linalouza, katika bunge linalotunga sheria, katika nyumba ambamo kijana akaa peke yake mwaka mzima akilisha chuki yake wala hapana amwulizaye hali.

Je, tuseme basi kwamba sheria hazifai, kwa kuwa hazikuwaokoa watoto wale? La. Mtu hakatai boma kwa sababu chui mmoja aliliruka. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta ambao Marekani inaujenga sasa ni wa milango ya chuma, na walinzi, na watoto wafundishwao kulala chini ya viti. Sheria njema haiwezi kumfanya mtu mwema. Yaweza kumcheleweshea mtu mbaya, na katika kuchelewa huko huenda akaonekana, huenda akasaidiwa, huenda akatubu. Uhai wa mtu mara nyingi umelindwa kwa siku tatu za kungoja.

Sasa twarudi kwenye swali letu: ni nani mwenye neno mlangoni mwa kanisa? Twajibu: si serikali, maana haikupewa mimbari. Si mtu mmoja na hofu yake, maana hofu ni mwalimu asiyeitwa. Ni ushirika wenyewe, chini ya Bwana wake. Lakini ushirika ukisema neno mlangoni, umejifunga kwa neno hilo nje pia. Aandikaye kwamba hapa ni mahali pa amani amejitwika mzigo wa kuitafuta amani kwenye baraza la mji, na kwenye kura, na kwenye nyumba ya jirani mwenye huzuni. Bango lisilofuatwa na kazi hii ni ubao na rangi tu.

Nanyi waalimu wa sharika, mnaosoma haya mahali ambapo pengine hapajasikika mlio wa bunduki, msiseme, Haituhusu. Kwetu pia iko mishale ya namna nyingine: ugomvi wa mashamba, chuki ya kabila kwa kabila, maneno makali wakati wa uchaguzi, kijana aliyeachwa na wenziwe. Yule asimamaye mlangoni Jumapili, akiwaamkia watu, ndiye wa kwanza kuona ni nani aliyekuja na uso uliokunjamana, na ni nani ambaye hakuja wiki tatu. Basi baada ya ibada asifunge mlango akaenda zake. Aende akamwulize hali.